Vizibao vya reflekta: si kila kinachong'aa ni cha barabarani

Ukisimama saa kumi na mbili jioni katika yadi ya malori ya Namanga, Busia, Malaba au Tunduma, utaona vizibao vya rangi ya chungwa na vya njano kila upande. Amevaa askari wa getini, amevaa utingo anayemwongoza dereva kurudi nyuma, amevaa kijana wa wakala wa forodha anayekimbia na makaratasi, kuli, na mwenye bodaboda anayesubiri abiria. Kwa macho ya haraka wote wamevaa kitu kimoja. Lakini giza likishaingia na lori likawasha taa, tofauti inajitokeza. Wengine wanawaka kama taa. Wengine hawaonekani kabisa, ingawa mchana wao ndio waliokuwa waking'aa zaidi.

Tofauti hiyo haitokani na bahati. Inaandikwa kwenye lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya kizibao, na wafanyabiashara wengi tunaovusha bidhaa hizi mpakani hatuisomi. Tunaangalia rangi, tunaangalia bei ya jumla, tunaangalia kama kuna herufi CE, basi.

Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu, wa njia ya Nairobi na Arusha, aliingia hasara kwa sababu hiyo. Alipata oda ya vizibao 300 vya mafundi wa barabara. Akanunua mzigo mzuri, wenye CE na wenye namba ya kiwango cha Ulaya, akaulipia, akaufikisha. Msimamizi wa usalama wa mteja aligeuza kizibao kimoja, akasoma lebo, akarudisha mzigo wote. Oda ilisema EN ISO 20471 daraja la 2. Lebo ilisema EN 17353 aina AB. Bidhaa haikuwa bandia wala mbovu. Ilikuwa bidhaa sahihi ya kazi nyingine. Alikaa na mzigo ule miezi mingi akiuuza kidogo kidogo kwa wenye maghala, na ukweli ni kwamba huko maghalani ndiko ulikostahili kwenda tangu mwanzo.

Viwango viwili, hatari mbili

Katika nguo za kuonekana, Ulaya ina viwango viwili vikubwa ambavyo ndivyo vinavyofika kwetu kupitia bidhaa za China, Uturuki na mitumba.

Cha kwanza ni EN ISO 20471, cha mwaka 2013. Hiki kilichukua nafasi ya EN 471 ya zamani, na ni cha kazi zenye hatari kubwa: mafundi wa barabara kuu, wafanyakazi wa reli, waokoaji kwenye ajali. Kina madaraja matatu, 1, 2 na 3, na daraja la 3 ndilo la juu.

Cha pili ni EN 17353, cha mwaka 2020. Hiki ni cha hatari ya kati. Kabla yake palikuwa na EN 1150 ya nguo na EN 13356 ya vikorokoro vya kuning'iniza au kufunga mkononi, vyote viwili vikiwa vya watu wasio kazini, kama watoto wa shule na waendesha baiskeli. Matokeo yake mlinzi wa maegesho au mfanyakazi wa ghala alikuwa hana kiwango chake. Ama avae nguo ya fundi wa barabara kuu, ama avae nguo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto anayekwenda shule. EN 17353 ilifuta vyote viwili ikawaunganisha walio kazini na wasio kazini, mradi hatari yao ni ya kati. Kwa hiyo ukikuta EN 1150 au EN 471 kwenye robota la mitumba, ujue unashika nguo ya kiwango kilichokwisha kuondolewa. Huenda bado inaakisi vizuri, lakini usiiweke kwenye zabuni.

Sasa hatari ya kati ni ipi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana wanadhani inapimwa kwa cheo cha kazi. Haipimwi hivyo. Yanayotazamwa ni mwendo wa magari, hali ya mwanga, mazingira yaliyo nyuma ya mtu, na jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: macho ya mtu mwenyewe yako wapi.

Mwendesha baiskeli yumo ndani ya msafara wa magari. Anatazama, anasikia, anakwepa. Fundi aliyeinama anaziba shimo la lami amewapa magari mgongo, akili yake iko kwenye koleo. Gari likiwa na mwendo uleule, fundi yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu kazi yote ya kuepusha ajali imebaki kwa dereva peke yake. Ndiyo sababu mwongozo ulioambatanishwa na EN ISO 20471 unamweka mtu wa aina hii kwenye daraja la 3 magari yakizidi kilomita 60 kwa saa, daraja la 2 yakiwa hadi 60, na daraja la 1 yakiwa hadi 30.

Hesabu yake si ngumu. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. La kilomita 30 hukata zaidi kidogo ya mita 8. Lori linalojongea yadini kwa kilomita 15 hukata kama mita 4. Dereva wa yadini akikuona umbali wa mita 30, ana muda. Wa barabara kuu akikuona umbali huohuo, hana.

Kwa hiyo mlinzi wa geti, mpanga magari kwenye maegesho, mfanyakazi wa ghala lenye magari ya kuinulia mizigo, mpeleka vifurushi kwa baiskeli mjini, hawa kwa kawaida wanaangukia hatari ya kati. Utingo anayesimama yadini kumwongoza dereva naye huenda akawa humo. Lakini utingo huyohuyo akitoka nje ya yadi kubadilisha tairi kando ya barabara ya Mombasa usiku, ameshaingia kwenye hatari kubwa. Mtu ni yuleyule, kizibao hakitoshi tena.

A, B na AB

EN 17353 haina madaraja. Ina aina, na aina zinafuata mwanga.

Aina A ni ya mchana tu. Ina rangi ya fluoresenti, ile rangi kali inayoonekana kama imewashwa ndani, lakini haina utepe wa kuakisi. Aina B ni ya gizani tu. Ina utepe wa kuakisi, na nguo yenyewe inaweza kuwa nyeusi au bluu ya kawaida. Aina AB ina vyote viwili, kwa mchana, magharibi na usiku.

Aina B imegawanywa tena. B1 ni kitu cha kuning'inia, kama kile kikadi kinachofungwa kwenye begi. B2 ni cha viungo, mikono au miguu, kikionyesha mwendo wa mtu. B3 ni cha kiwiliwili, peke yake au pamoja na viungo, ili dereva atambue kwamba hicho ni binadamu wala si kibao cha alama. AB nayo ina AB2 na AB3 kwa mpango huohuo.

Rangi zinazoruhusiwa ni nyingi kuliko kwenye EN ISO 20471, ambayo ina njano, nyekundu-chungwa na nyekundu tu. Huku kwenye hatari ya kati hata kijani na pinki vya fluoresenti vimo. Ukiona kizibao cha pinki kimeandikwa EN ISO 20471, kirudishe dukani.

Kwa mazingira yetu nashauri hivi, na ni maoni yangu: Aina A usiiuze kwa kazi yoyote ya mpakani isipokuwa mnunuzi amekuhakikishia kwamba watu wake wanatoka saa kumi. Huku kwetu kazi haiishi mchana. Lori linachelewa kwenye mzani, makaratasi yanachelewa, na aliyevaa kizibao asubuhi anajikuta bado yupo yadini saa mbili usiku. Hapo rangi ile haimsaidii.

Kwa nini rangi hufa usiku

Rangi ya fluoresenti hufanya kazi kwa kumeza mwanga usioonekana wa urujuanimno pamoja na sehemu ya mwanga wa bluu, kisha kuutoa tena kama mwanga unaoonekana. Jua linatoa mwanga huo kwa wingi, hata siku ya mawingu na hata alfajiri, na ndiyo sababu rangi hizi hushangaza zaidi wakati mwanga ni hafifu kuliko saa sita mchana. Taa ya gari haina mwanga huo wa kutosha. Usiku kizibao cha chungwa kisicho na utepe ni nguo tu.

Utepe unafanya jambo tofauti. Ndani yake mna shanga za kioo ndogo mno kama vumbi, au vipande vya plastiki vilivyochongwa pembe, ambavyo hurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kioo cha kawaida ukikimulika kwa upande, mwanga unakwenda upande wa pili. Utepe huu unaurudisha kwa aliyeumulika, yaani machoni kwa dereva aliyeketi juu ya taa zake. Ndiyo maana wewe uliyesimama pembeni unaweza kuona utepe una rangi ya majivu tu, na ukadhani haufai, kumbe dereva anauona unawaka.

Ndiyo maana pia majaribio ya dukani yanadanganya. Muuzaji anakionyesha kizibao chini ya taa ya dari, wewe unakisifu au unakiponda, na nyote wawili hamjaona kitu. Jaribio la kweli ni kuzima taa, kurudi nyuma hatua kumi, na kushika tochi ya simu karibu kabisa na jicho lako. Utepe halisi utawaka mweupe. Utepe wa bandia, ambao ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, utabaki kijivu. Njia nyingine ni kupiga picha kwa simu yenye flashi gizani. Picha hiyo mtumie mnunuzi kabla hujalipa nauli ya mzigo.

Kwa rangi, wabadilisha fedha wa mpakani wana kifaa kizuri: ile taa ya kukagulia noti bandia. Weka kitambaa chini yake, rangi ya fluoresenti italipuka. Hata hivyo shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga nalo hung'aa hapo, kwa hiyo jaribio hili linakuonyesha rangi isiyo ya fluoresenti, lakini halikuthibitishii kwamba kiwango kimefikiwa. Maabara ndiyo inayothibitisha. EN ISO 20471, kwa mfano, inadai utepe mpya urudishe mwanga kwa kipimo cha 330 kwenye pembe maalumu, na baada ya kufuliwa, kukunjwa na kusuguliwa usishuke chini ya 100. Hilo huwezi kulipima kwa tochi.

Kipimo cha futikamba

Kipo kitu unachoweza kupima mwenyewe, nacho ni urefu wa utepe. EN ISO 20471 inataka daraja la 1 liwe na angalau mita za mraba 0.10 za utepe, daraja la 2 liwe na 0.13, na daraja la 3 liwe na 0.20. Utepe wake hauwi mwembamba kuliko sentimita 5. Fanya hesabu: kwa utepe wa sentimita 5, daraja la 1 linahitaji jumla ya mita 2, daraja la 2 mita 2.6, na daraja la 3 mita 4 kamili. Chukua futikamba ya fundi cherehani, zungusha, jumlisha. Na upime saizi ndogo kuliko zote katika mzigo, kwa kuwa hata hiyo lazima ifike.

Nguo ya daraja la 3 haina budi kufunika kiwiliwili na kuwa na mikono, au miguu mirefu ya suruali, yenye utepe. Kwa hiyo kizibao kisicho na mikono kilichoandikwa daraja la 3 peke yake kinajikana chenyewe. Nimeviona sokoni, tena si mara moja.

Vilevile kuna habari ya matangazo. Wateja wetu wanapenda kuchapa jina la kampuni mgongoni, kubwa, pengine na namba ya simu na picha. Eneo lote lililochapwa linatolewa kwenye hesabu ya rangi ya fluoresenti. Daraja la 2 linadai mita ya mraba 0.50 ya rangi, na vizibao vya bei nafuu hukatwa kwa ubahili hivi kwamba vinafika hapo kwa shida. Ukichapa karatasi nzima mgongoni, umekishusha daraja. Mweleze mteja kabla hujapeleka kwa mchapaji. Akikubali jina dogo kifuani, mmeokoka wote.

Herufi CE na namba zisizokuwapo

Nguo hizi katika sheria ya Ulaya, Kanuni namba 2016/425 iliyoanza kutumika Aprili 2018, kwa kawaida zinaingia kundi la pili la vifaa vya kujikinga. Maana yake ni kwamba sampuli lazima ichunguzwe na taasisi iliyoidhinishwa kabla ya kuuzwa huko. Lakini namba ya tarakimu nne ya taasisi hiyo haiandikwi kando ya CE kwa kundi la pili. Inaandikwa kwa kundi la tatu. Nimesikia mnunuzi akikataa mzigo halali kwa sababu "CE yake haina namba". Namba itafute kwenye karatasi ya maelezo na tamko la mtengenezaji, na karatasi hiyo iombe mapema, sio mzigo ukiwa tayari umefika.

Bidhaa za soko la Marekani zina mfumo wake wa ANSI/ISEA 107, na humo herufi O ni ya kazi zisizo za barabarani, R ni ya barabarani na P ni ya polisi na waokoaji. Za China hubeba GB 20653. Usichanganye daraja la mfumo mmoja na la mwingine katika ankara moja.

Mpakani kwenyewe

Sheria za kwetu zinamwachia mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga, iwe kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, ya Uganda ya mwaka 2006 au ya Kenya ya mwaka 2007. Kenya pia, kwa marekebisho ya sheria ya barabarani ya mwaka 2012, ilimtaka mwenye pikipiki avae koti lenye viakisi. Oda nyingi za mipakani zinatoka hapo.

Kwa upande wa ushuru, wengi wanakosea kuhusu cheti rahisi cha uasili kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti kile ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kizibao cha China ulichonunua Kamukunji au Kariakoo hakipati asili ya Kenya wala Tanzania kwa kulala dukani usiku mmoja. Kukitangaza hivyo kwa ofisa wa forodha ni kutafuta kesi. Kilichoshonwa na fundi wa hapa ni suala jingine, lakini uwe tayari kueleza kitambaa na utepe vimetoka wapi, na uwaulize mapema wakaguzi wa viwango, TBS, KEBS au UNBS, kuhusu cheti cha ukaguzi kwa mizigo inayotoka nje ya Jumuiya. Vituo vya pamoja kama cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, vimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, kwa hiyo swali hilo linajibiwa bila ya kuvuka mara mbili.

Baada ya kuuza

Jambo la mwisho linahusu mteja kurudi kulalamika, na mara nyingi analalamika bila haki. Lebo huandika idadi ya mafuo ambayo nguo imejaribiwa. Pakiandikwa 25, na kizibao kinafuliwa kila wiki, nusu mwaka kimekwisha kazi yake hata kama hakijachanika. Vumbi la yadi na dizeli huua utepe mapema zaidi, na kuanika juani siku nzima hupausha rangi. Brashi ngumu hukwangua zile shanga za kioo. Mfulie kwa maji na sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arishia nguo, na aanike kivulini.

Mwenye ghala mmoja ninayemuuzia huandika mwezi na mwaka kwa wino usiofutika ndani ya kola siku anapokitoa stoo. Kila mwisho wa mwezi mlinzi wake wa zamu anazima taa za uani, anamulika vizibao vyote kwa tochi vikiwa vimetundikwa ukutani, na visivyowaka vinakatwa kuwa matambara ya kufutia oili. Havirudi getini.